Majumba Yasiyo na Paa: Tafakari ya Mwezi wa Marehemu



Wapendwa Taifa la Mungu, mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu wote. Juma hili ningependa tufanye tafakari yetu tukiwa safarini. Ni safari ile ile tunayoifanya sisi tunaoishi kaskazini mwa Unguja, tunapopanda daladala Nungwi kwenda mjini kwa kupitia Mahonda na Bububu, kilomita zisizopungua 50. Wengi wetu huipita njia hiyo tukisinzia, au tukihesabu kimoyomoyo fedha za matumizi. Hata hivyo, kwa mwenye kutazama, barabara hiyo inafundisha ufupi wa maisha ya mwanadamu pengine kuliko mafungo mengi ya kiroho.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la kijana mmoja, ambaye ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja. Alitoka bara miaka kadhaa iliyopita kutafuta kazi katika mahoteli ya Nungwi, akaipata. Kila mwezi alituma fedha nyumbani za kujengea nyumba. Mama yake alimwomba mara nyingi aende walau kumsalimu, naye akajibu kila mara kwamba angekwenda nyumba ikikamilika, ili amshike mama mkono waingie pamoja katika mlango mpya. Mwezi wa Agosti, wageni wakiwa wamejaa, mama aliugua na baada ya siku tatu akafariki dunia. Kijana alifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Nyumba nayo ilikuwa imefika kwenye lenta, bado haina paa. Alipokuja kwangu hakumlaumu mwajiri wala ndugu. Aliniuliza jambo moja tu: "Padre, nilikuwa namjengea nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilisali naye, akaenda zake. Swali lake nimesafiri nalo tangu hapo.

Ufukweni Nungwi

Tuanzie nyumbani. Nungwi imejulikana tangu zamani kwa mafundi wake wa vyombo vya baharini. Kabla hoteli hazijaja, na hata leo katikati ya hoteli hizo, fundi huweka mkuku juu ya magogo ufukweni, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao moja moja, kisha akatia kalafati ya pamba na mafuta ili maji yasipenye. Kazi huchukua miezi mingi. Chombo kikiisha, wanaume wa kijiji hukusanyika wakakisukuma hadi majini kwa nyimbo na dua, na tangu siku hiyo fundi hana mamlaka nacho tena. Watakaokula kwacho, watakaovuka kwacho na watakaookolewa nacho ni watu wengine. Wengi wao hawatalijua jina lake.

Naanza na mafundi hawa kwa sababu ya usiku mmoja ambao Nungwi haitausahau. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Mamia waliokolewa. Baadhi yao walielea hadi mapambazuko wakiwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Kila aliyekuwa melini alikuwa na mipango: huyu anarudi na bidhaa za dukani, yule anapeleka watoto kwa bibi yao. Kati ya mali yote iliyopakiwa usiku ule, iliyofaa kitu ilikuwa ile iliyoweza kumwelesha mtu, na mara nyingine godoro moja liliwashikilia watu ambao hawakuwahi kujuana.

Alfajiri ile wavuvi na wakazi wa kaskazini waliingia baharini kuwatafuta wazima na wafu. Hakuna aliyeuliza dini ya mtu kabla ya kumvuta ndani ya mashua. Vyombo vilivyochongwa kwa ajili ya dagaa na changu vilifanya kazi ambayo fundi aliyevichonga hakuiwazia. Tulishike jambo hilo mioyoni, kwa maana tutalirudia.

Beit-el-Ras na Mtoni

Tukiisha kupita Bububu na kuukaribia mji, upande wa bahari tunafika Beit-el-Ras. Hapo mwaka 1847 Sayyid Said bin Sultan alianza kujenga jumba kubwa. Said alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar, na ndiye aliyehamishia makao yake kisiwani hapa. Alihimiza upandaji wa mikarafuu hadi Unguja na Pemba zikawa wazalishaji wakuu wa karafuu duniani. Merikebu zake zilifika New York mwaka 1840 na London mwaka 1842. Tusisahau, wapendwa, kwamba mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, watu walioletwa kutoka bara, ambao majina yao hatunayo lakini Mungu anayo.

Mwaka 1856 Said alikuwa njiani kurejea Unguja kutoka Maskati. Masimulizi ya familia yake yanasema kwamba aliagiza mbao za jeneza zipakiwe melini, ili atakayekufa safarini asizikwe baharini. Aliyekufa alikuwa yeye mwenyewe, tarehe 19 Oktoba, meli ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye, aliushusha mwili pwani usiku, akauzika kimya kimya, na usiku huo huo akajaribu kunyakua utawala. Hakufanikiwa; kiti kilimwendea ndugu yake Majid. Kwa hiyo udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujakauka bado, na wana walikuwa wamekwisha kuanza kugombania alichokiacha.

Jumba la Beit-el-Ras halikukamilika kamwe. Mawe yake yalichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kujengea reli ya Bububu, na reli hiyo nayo haipo tena. Kilichobaki ni ukumbi wa mbele tu. Majid alianza kumjengea baba yake kaburi lenye kuba huko mjini, lakini wanazuoni wa Kiibadhi walipinga, kwa kuwa mafundisho yao hayapendi makaburi ya fahari, na ujenzi ukasimama. Kwa hiyo mtawala aliyeagiza majumba mengi amelala mahali pasipo paa. Mimi nawashukuru wanazuoni wale. Walisema kweli mbele ya mfalme, na kweli hiyo sisi Wakristo tunaikiri kila Jumatano ya Majivu.

Hatua chache mbele ni Mtoni, alikokaa Said na jamaa yake kubwa. Hapo mwaka 1844 alizaliwa binti yake Salme. Salme alikulia katika jumba lenye bustani na mabwawa ya kuogea, kisha akampenda mfanyabiashara Mjerumani, akakimbia kisiwa, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily. Mumewe alikufa kwa ajali mjini Hamburg mwaka 1870, akamwacha na watoto wadogo watatu katika nchi ya baridi. Alikufa Ujerumani mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga alichokuwa amekitunza kutoka Unguja. Binti wa mfalme wa karafuu alibakiza mchanga wa kujaza kiganja.

Mtoni pia panatukumbusha msiba wa Kanisa letu. Tarehe 17 Februari 2013, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi maeneo haya alipokuwa akifika kuadhimisha Misa Takatifu. Ilikuwa siku nne tu baada ya Jumatano ya Majivu. Waamini walikuwa wamekwisha kukusanyika wakimngojea. Sitaki kusema mengi juu ya kifo kile, kwa maana wapo kati yenu ambao jeraha lao bado ni bichi. Nasema hili tu: Misa aliyokuwa akiiendea hakuiadhimisha. Ndugu zangu, si mfalme peke yake anayekufa kazi ikiwa haijaisha. Padre naye hufa hivyo, na mama anayeusubiri mlango mpya hufa hivyo. Basi tofauti kati ya maisha na maisha haiwezi kuwa katika kumaliza.

Maruhubi na Forodhani

Twende mbele hadi Maruhubi. Katikati ya minazi zimesimama nguzo nene za mawe zisizobeba kitu. Hizo ni nguzo za jumba alilolijenga Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, yule yule aliyeuzika mwili wa baba yake usiku. Alipata utawala hatimaye mwaka 1870. Mwaka wa 1872, tarehe 15 Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini. Kazi ya miaka 40 ya baba ililala chini kwa siku moja. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Uingereza, Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1883 alijenga pale Forodhani Beit-al-Ajaib, Jumba la Maajabu, jengo refu kuliko yote mjini, ambalo baadaye lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo katika Afrika ya Mashariki kuwa na umeme na lifti.

Lakini mwanadamu anapanga sebuleni, na huko nje mambo yanaamuliwa na wengine. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mipaka ya Barghash, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alifariki Machi 1888, mara tu baada ya kurejea kutoka Omani alikokwenda kutafuta afya, akiwa amelitumia Jumba la Maajabu kwa miaka 5 hivi. Jumba la Maruhubi liliungua mwaka 1899.

Mwanawe Khalid alitaka kiti kile mara mbili. Mara ya pili, Agosti 1896, alijitangaza kuwa Sultani bila idhini ya Waingereza. Tarehe 27 asubuhi, saa tatu na dakika mbili, manowari zao zilianza kupiga mizinga. Kwa dakika zipatazo 38 tu vita vilikuwa vimekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wake walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Miongoni mwa waliokuwa upande wake walikuwamo watumishi na watumwa, ambao hawakuwa na kiti cha kugombania. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akaishi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Ndugu zangu, fikirini: maisha ya mamia ya watu kwa ajili ya siku mbili za usultani. Sultani wa mwisho, Jamshid, alitawala kwa miezi 6 hivi kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, akaishi ugenini kwa takriban miaka 60, na kufariki Omani mwezi Desemba 2024.

Na Jumba la Maajabu lenyewe? Tarehe 25 Desemba 2020, siku ile ile ya Noeli, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Siku tunayoadhimisha Mungu kuzaliwa katika hori la kulishia mifugo, jumba la mfalme lilianguka. Sisemi kwamba Mungu aliliangusha. Mvua na chumvi ya bahari zinatosha. Tena waliokufa walikuwa watafutaji wa riziki kama sisi, na tuwaombee.

Mwambao wetu haukungoja wamisionari ili kuyajua mambo haya. Karibu miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate aliyatazama magofu ya matajiri wa mji wake, akatunga Al-Inkishafi, utenzi ambamo anauonya moyo wake usidanganywe na dunia. Mhubiri katika Agano la Kale alijenga majumba, akapanda bustani, akakusanya fedha, na alipogeuka kuitazama kazi yake yote aliiona kama pumzi inayopita. Mzaburi naye anaomba ajifunze kuzihesabu siku zake. Mwislamu wa Pate na sisi tunalia kilio kimoja mbele ya kifo.

Yasiyoporomoka

Je, tuseme basi kazi yote ni bure? Kijana wangu angefanya vyema kukaa tu bila kujenga? Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unatufundisha kwamba tumaini la mbingu mpya halipunguzi bidii yetu ya kuitengeneza dunia hii, na kwamba upendo na matunda yake hayapotei. Nalo somo hili limeandikwa katika barabara ile ile.

Barghash aliyejenga majumba ndiye pia aliyeleta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za kaskazini. Kabla yake watu walikunywa maji ya visima vichafu, na kipindupindu kiliwafyeka kwa maelfu. Hatujui ni watoto wangapi hawakufa kwa sababu ya maji yale. Wao nao hawakujua. Walikunywa, wakakua, wakapata watoto. Majumba yake aliyajenga kwa fahari yake, nayo leo ni magofu. Maji aliwapa wengine, nayo yaligeuka kuwa uhai wa watu.

Vivyo hivyo Desemba 1860 mapadre na masista wachache walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion. Walianza kwa kutibu wagonjwa na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka hadi Bagamoyo, na anayetembelea makaburi yao pale ataona jinsi wengi walivyokufa wakiwa bado vijana, kwa homa. Tukiwapima kwa kipimo cha dunia, walishindwa: walisoma miaka mingi, wakasafiri mbali, wakafa kabla ya kuvuna. Lakini ninyi mnaosoma tafakari hii na kusali Baba Yetu kwa Kiswahili ni mavuno yao. Nasi tusijidanganye na mawe yetu wenyewe. Kanisa letu Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1893 na 1898, lina minara miwili mizuri inayoonekana tangu baharini. Minara hiyo itaanguka siku moja. Kisichoanguka ni kile kinachotolewa altareni: mwili unaomegwa kwa ajili ya wengine.

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia habari za tajiri aliyevunja maghala yake ili ajenge makubwa zaidi. Mungu anamjia usiku na kumuuliza alivyovikusanya vitakuwa vya nani. Angalieni, Mungu hamshitaki kwa kulima wala kwa kuvuna. Anamuuliza ni vya nani. Ni swali lile lile aliloniuliza kijana: "Nilikuwa namjengea nani?"

Jibu nilimpelekea majuma machache baadaye, tukiwa tumeketi ufukweni karibu na mashua moja iliyokuwa inatiwa kalafati. Nilimwambia: "Mwanangu, ulikuwa unamjengea mama, na Mungu ameliona hilo. Kosa lako halikuwa nyumba. Ulidhani upendo unaweza kungoja paa." Aliinama kwa muda mrefu. Kisha nikamuuliza nani amebaki nyumbani. Akasema baba, na dada yake mdogo mwenye mtoto. Wanakaa kwenye nyumba ya zamani inayovuja.

Hakuwa na fedha za kuimaliza nyumba kama alivyoichora. Tulikubaliana aezeke vyumba viwili tu na aachane na sebule kubwa, na kwamba Noeli hii aombe ruhusa aende mwenyewe, hata kama msimu ni mzuri na bakshishi ni nyingi. Ruhusa ameomba. Bado hajajibiwa. Tumwombee.

Nanyi wapendwa, juma hili nawapa zoezi dogo. Mtakapopita Beit-el-Ras, Mtoni na Maruhubi, salini Raha ya Milele kwa ajili ya wote waliojenga mahali hapo, wafalme na watumwa. Kisha kila mmoja ajiulize: ni nani ninayemwambia angoje mpaka nimalize? Ukimpata huyo, usimtumie fedha kwanza. Mpigie simu kabla daladala haijafika mjini.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.